Steredenn binti wa Gwennili

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Goulven Abgrall ni mwendo wake. Alipita barabarani peke yake, lakini aliacha nafasi upande wake wa kulia, pana kiasi cha kumtosha farasi, na mkono wa kulia aliukunja karibu na mbavu kana kwamba ameshika kamba. Gari likija nyuma yake, alisogea mpaka kwenye nyasi ili pengo lile lisigongwe. Hapakuwa na farasi. Nilimuuliza shangazi yangu, mwenye baa ya kijijini kwetu, kama mzee yule ni mgonjwa.

"Mgonjwa wa nini?" shangazi alijibu huku akifuta glasi. "Anawaongoza majike wa farasi tangu utotoni. Mwili umezoea, basi."

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Rennes, nikimsaidia shangazi wakati nikitafuta kazi. Kila gari la mkate lilipofika, Goulven alishuka kutoka Mezguen, shamba lake la mlimani, akachukua mkate wake, akasimama kidogo mlangoni kwetu bila kuingia. Wazazi wake walikwisha kufa. Kaka yake alijiunga na wanamaji huko Brest na hakurudi tena kulima. Goulven hakuoa. Mezguen palikuwa na mabanda ya kutosha farasi kumi, na ndani yake alibaki mmoja tu, jike mwenye umri wa miaka kumi na tisa aitwaye Steredenn.

Alikuwa farasi wa kukokota wa kwetu hasa: miguu mifupi, shingo nene, nyonga pana kama meza ya harusi, rangi nyekundu ya shaba na singa nyeupe. Ukimsalimu Goulven, hakukupa habari zake mwenyewe. Alikupa za huyo.

"Steredenn ni binti wa Gwennili," alisema. "Gwennili ni binti wa Melenig. Melenig ni binti wa Bleunienn, aliyezaliwa mwaka ule baba alipokataa trekta. Wote wanne banda moja, binti yangu. Hakuna aliyeuzwa."

Kwetu ukoo wa farasi hufuatwa kwa mama. Dume huja, hulipiwa, huondoka. Jike hubaki, na asipoacha binti, nyumba yake imefungwa hata kama ameacha wana wa kiume kumi. Steredenn alikuwa amezaa wana watatu, wote wa kiume. Wana wasiochaguliwa kuwa madume ya mbegu huenda kwa mchinjaji. Kila mtu anajua, na hakuna anayelizungumza mezani. Kwa hiyo ukoo wa Bleunienn ulikuwa umesimama juu ya miguu minne ya jike mmoja mzee, na Goulven alihitaji kitu kimoja tu duniani: mtoto wa kike kutoka kwa jike huyo.

Kosa alilifanya mwenyewe, tena kwa kujua mno. Alipenda damu safi. Kila dume aliyeletwa mbele yake alimkagua nasaba kabla ya kumkagua kwato, na akipata bibi mmoja asiyejulikana, alimrudisha. Akachuja, akachuja, hadi akabaki na madume wachache wa nyumba zile zile ambazo zamani zilimtumia kaka wa Gwennili kama dume wa mbegu. Misimu miwili iliyopita alimvusha Steredenn milima ya Arrée kwenda kwa dume wa aina hiyo. Alizaliwa mtoto wa kike. Goulven alimbusu usoni kabla hata hajakauka. Lakini miguu yake ya mbele ilikuwa imejikunja, haikunyooka, na hakuweza kusimama kunyonya.

Daktari wa mifugo alipokuja kummalizia mateso, alimwambia, "Mzee Goulven, umemwoza Steredenn kwa ndugu yake. Na wewe ndiye unayejua nasaba kuliko sisi sote."

"Ilikuwa damu safi."

"Safi mno. Sasa sikiliza. Kama tumbo hili bado lina mtoto mmoja, ni mmoja tu. Mtafutie mgeni."

Mgeni alikuwa karibu. Kutoka dirisha la jikoni la Mezguen, ukinywa kahawa yako, unaona malisho ya Jakez Bizien na dume wake Kurun, mweusi kifuani kama tanuri. Lakini Goulven na Jakez walikuwa hawajasemezana kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika maonyesho ya farasi ya Agosti, Nadoz, jike wa kina Bizien, alipovalishwa utepe wa kwanza, Goulven alisema mbele ya watu, kwa sauti yake ile nzito, "Bibi yake alinunuliwa gulioni, hana baba wala mama. Mmemvika utepe mtoto wa jalalani." Ilikuwa kweli. Zamani wakaguzi waliruhusiwa kumwandikisha jike katika daftari la nasaba kwa umbo lake tu, akionekana mzuri. Na kwa kuwa nusu ya nyumba za kwetu zina bibi wa namna hiyo mahali fulani, Goulven alikuwa amewatukana nusu ya majirani kwa sentensi moja. Hawakumpiga. Waliacha tu kupita Mezguen.

Jumapili moja ya Aprili, misa ilipokwisha, baa ilijaa. Jakez alikuwa anacheza karata karibu na dirisha. Mlango ulifunguka, Goulven akaingia, kofia mkononi. Nilimsikia shangazi akivuta pumzi.

"Jakez," alisema Goulven.

Jakez hakuinua macho. "Jamani, fungeni mlango, upepo unaingia."

Watu walicheka.

"Namtaka Kurun kwa ajili ya Steredenn."

"Kurun yupi? Wa jalalani?"

"Kurun wako."

"Mtu mzima wewe, hujazaa hata kuku, miaka yote unahesabu bibi za farasi wa watu!"

"Ni kweli," alisema Goulven.

Jakez hakulitarajia jibu hilo. Aliweka karata zake mezani kifudifudi. "Sitaki hela yako. Taja nasaba ya Kurun. Hapa hapa, kwa sauti, kama unavyomtaja huyo malkia wako."

Goulven alisimama wima kama mtoto anayeulizwa katekisimu. "Kurun ni mwana wa Brulu. Brulu ni binti wa Nadoz. Nadoz ni binti wa Delienn." Akaishia hapo.

"Endelea. Delienn ni binti wa nani?"

"Wa yule mwekundu wa gulio la Morlaix."

"Aha!"

"Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa mweupe," Goulven aliendelea, akitazama sakafu. "Nilikuwepo baba yako alipomnunua. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilimtembeza mara mbili, sikuwahi kuona jike anakanyaga vile. Baba yangu akanikataza, akasema hana kwao. Nikamwachia kamba baba yako mkononi."

Mtu mmoja aliyekuwa amenyanyua glasi aliirudisha mezani polepole.

"Fulenn," alisema Jakez. "Tulimwita Fulenn. Hukuwahi kuuliza."

"Delienn ni binti wa Fulenn," Goulven alisema.

Jakez alichukua karata zake, akazipanga, akazipanga tena. "Mlete Jumanne. Mfunge mkia vizuri, na umvue viatu vya nyuma, sitaki dume wangu avunjwe taya na bikizee. Na ule kabla hujaja, la sivyo mke wangu atakushindilia chapati za maziwa mpaka ushindwe kupanda mlima."

Nilimsindikiza Jumanne ile, nikibeba ndoo ya shayiri. Mambo yenyewe hayakuchukua muda. Kahawa Goulven aliinywa amesimama, mlangoni kwa Jakez, kisha akashika kamba. Njiani hakuniambia neno, ila alimwambia Steredenn mengi kwa Kibretoni, kwa sauti ya chini, nami nilitembea nyuma yao kwa sababu hapakuwa na nafasi yangu kati yao.

Nilidhani baada ya hapo watu wangeanza kupanda Mezguen. Hawakupanda. Ukimya wa miaka ishirini hauondoki kwa kahawa moja. Jakez alipopita na trekta alipunguza mwendo kwenye lango, hakupunga mkono, akaongeza mwendo tena. Mvua za Novemba zilikuja na hazikuondoka. Goulven alihamishia kitanda chake jikoni, kwenye ukuta unaogusana na banda, ili amsikie Steredenn akigeuka. Mezani palikuwa na bakuli moja, kisu kimoja, siagi ya chumvi ndani ya karatasi yake. Siku nilipompelekea mkate wakati wa mafuriko, nilimkuta ameegemeza kiganja ukutani, anasikiliza.

"Amesogea," aliniambia. "Siyo yeye. Mwingine."

Jina lilikuwa tayari. Kila mwaka una herufi yake ya kuanzia majina ya watoto wa farasi, na herufi ya mwaka huu alikuwa ameifikiria tangu majira ya baridi. Nilimwomba anitajie. Akatikisa kichwa.

"Jina la kike ni moja. La kiume sikutafuta."

Leo asubuhi chuchu za Steredenn zilikuwa na nta, dalili kwamba uzazi umekaribia. Majike wengi husubiri giza ndipo wazae, watu wakiwa wamelala. Huyu hana subira hiyo. Kabla ya saa sita alianza kutoka jasho shingoni na kuzunguka bandani, analala, anaamka, anajitazama ubavuni. Goulven alinituma kwa daktari, naye yuko njiani. Nilipokuwa narudi nilimkuta Jakez Bizien amesimama nje ya lango la Mezguen, mabuti yana tope, hajui aingie au asiingie.

"Vipi huko?" aliniuliza.

"Karibu sana."

"Mimi nilikuwa napita tu."

"Ingia basi, Jakez!" Goulven alipaza sauti kutoka ndani. "Unaniletea upepo!"

Jakez aliingia, akavua kofia. Sasa wamepiga magoti kwenye majani makavu, mmoja huku, mwingine kule, na Steredenn kati yao anahema kwa nguvu. Kwato mbili zimetokeza, laini, nyayo zimeelekea chini kama inavyotakiwa. Miguu imenyooka. Goulven ameipapasa kwa kidole kimoja, goti hadi kwato, mara ya pili, mara ya tatu.

"Imenyooka," anasema Jakez.

"Naona."

"Jike huyo. Kwato ndogo."

"Nyamaza, Jakez. Usiseme."

Pua imeonekana. Steredenn anavuta pumzi ndefu, nasi watatu tunavuta pamoja naye.