Wa Nne Yuko Wapi

“Jirani yako anakomea wapi, Kabugho?”

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka ishirini na miwili, na sikuwa na jibu. Siku hizo nilikuwa na jibu la kila kitu, ila hilo. Mwanangu, umeniandikia kwamba umepata kazi katika ofisi ya mambo ya nje, na kwamba utakaa meza moja na watu wanaoandika mikataba ya nchi na nchi. Nilifurahi. Kisha nikaiweka barua yako kando siku mbili, kwa sababu habari yako ilimwamsha mtu niliyemlaza zamani. Kaa basi, nikusimulie. Sina tena pumzi ya maneno mengi.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ya hamsini, reli ikiwa imefika Kasese karibuni tu. Nilishuka kwenye garimoshi nikitoka chuoni Kampala, nikapanda lori la magunia ya chumvi mpaka Bwera. Wasichana wa kwetu waliofika chuo kile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nami nilitaka kila mtu alijue hilo. Nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilimhoji baba kuhusu mahari, nikamhoji mama kuhusu maombi yake ya alfajiri. Kanisani nilikaa nyuma, nikiwa nimekunja mikono, nasikiliza mahubiri kama karani anayetafuta kosa kwenye hesabu za mwenzake.

Mahubiri yalikuwa ya Mwalimu Kule, mwalimu wa dini, mzee mfupi mwenye sauti ya chini, aliyenifundisha kusoma nikiwa mtoto. Alikuwa na mke, mama Mbambu, na wana watatu: Mumbere, Bwambale na Masereka. Likizo ile nilimkuta na wa nne. Alikuwa kijana mrefu aliyeanika muhogo uani na kumtekea mama Mbambu maji. Katika kitabu cha kanisa Mwalimu alikuwa amemwandika kwa mkono wake: Thembo, mwanangu.

Hapa nikueleze jambo, maana wewe umekulia mjini. Sisi Wakonzo, watu wa mlimani, hatuchagui jina la kwanza la mtoto. Jina linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Wasichana nao wana foleni yao. Mimi ni wa tatu, ndiyo maana ni Kabugho. Mtu akikutajia jina lake amekwisha kukuambia ana ndugu wangapi mbele yake. Kwa hiyo nyumba yenye Mumbere, Bwambale, Masereka, halafu Thembo, ni sawa na ngazi iliyokosa kipandio. Kila mtu wa Bwera aliliona hilo. Hakuna aliyelisema.

Mimi nilimwendea Mwalimu mchana, nikamwambia.

“Mwalimu, umeandika uongo kwenye kitabu cha kanisa.”

Hakukasirika. Aliniambia habari yote. Kijana alitoka ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo ya Wabelgiji. Huko watu walilimishwa pamba kwa amri, na kapita, yaani msimamizi wa shamba, alikuwa amemchapa mama yake fimbo mbele ya watu. Thembo aliishika ile fimbo, akaivunja, na kapita akaanguka akavunjika mkono. Usiku uleule alivuka maji. Serikali ya kule ilikuwa inamtaka, na serikali yetu, ya Waingereza, ilikuwa na mapatano nayo ya kurudishiana watu wa namna hiyo.

“Mbona hukumpa basi jina la Kule, awe wa nne, pengo lisionekane?” nikauliza.

“Nilimshauri. Akasema jina alilopewa na mama yake ndicho kitu pekee alichovuka nacho.”

Nikamwambia Mwalimu kwamba kwa kumficha mmoja anawahatarisha wengi. Mapatano yale ndiyo yaliyoacha njia ya Mpondwe, penye daraja la mpakani, wazi siku za soko. Mama yangu aliuza chumvi ya Katwe ng'ambo. Dada yangu Masika ameolewa huko. Serikali mbili zikinuniana, daraja linafungwa, na nani ataumia? Nilizungumza vizuri, mwanangu. Nilisema Mkristo anawajibika kusema kweli na kutii sheria, ama sivyo aache kuhubiri. Nilikuwa nimemkamata, nikadhani.

Mwalimu aligeuza vipande vya muhogo kwenye mkeka, kimoja kimoja. Ndipo akaniuliza jirani yangu anakomea wapi. “Kwenye maji? Yule aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, aliyempita na aliyemwokota, ni nani kati yao aliyeuliza kwanza mpaka uko wapi?”

“Hilo ni swali la mtihani, Mwalimu,” nikamjibu nikicheka. “Nitakujibu nikifaulu.”

Thembo alikuwa amesimama karibu na mtungi, amesikia yote. Aliniambia kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao, “Dada, mimi siko mutu mubaya. Nikirudia kule, batanimaliza.” Nami, nisikufiche, nilimwonea huruma kweli. Wala sikuwa na nia ya kumtoa. Nataka ulishike hilo, kwa sababu wengi wanaowatoa wenzao hawana nia.

Siku ya tatu yake afisa wa wilaya alikuja kufanya baraza uwanjani mbele ya kanisa. Alikuwa Mwingereza mwenye nywele nyekundu, mvivu wa kuongea. Tulimwita Bwana Usingizi. Dereva wake alikuwa askari Mnubi, Afande Ramadhani, na pale uwanjani walikutana na karani wa serikali ya ng'ambo mwenye kofia ngumu, ameshika karatasi. Karani huyo alikuwa mtu wa mbali, wa kule kwenye mto mkubwa wa Kongo, mila zetu hakuzijua. Bwana Usingizi alisikia kwamba yuko binti wa chuo, akaniomba nimwandikie maelezo kwa Kiingereza. Nilipewa meza. Fikiria, meza mbele ya watu wote wa Bwera! Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili, ili karani naye aelewe.

“Angalieni sasa!” Afande alipaza sauti. “Mwenye kujua mutu anaitwa Thembo, kutoka Kongo, sema!”

Wanaume kama kumi na wawili walisimama. Wote walikuwa Thembo, na kila mmoja akasema ni wa Bwera. Watu wakaangua kicheko. Kijana wetu alikuwa miongoni mwao, nyuma ya Mwalimu, pamoja na wale wana watatu. Afisa alimuuliza Mwalimu, “Na hii?”

“Ni mwanangu, Bwana.”

Afisa alitazama kitabu cha kanisa alichopewa na Mwalimu, akakifunga. Akafunga kalamu yake. Akamgeukia karani, akasema kwa Kiswahili chake kibovu, “Thembo, Thembo! Kila nyumba iko na Thembo. Hii majina ya watu wa mulima ni bure tu. Mimi itashika nani? Itashika mulima muzima?”

Watu walicheka tena, safari hii kwa kushusha pumzi. Karani naye alianza kukunja karatasi yake. Ilikuwa imekwisha, mwanangu. Ilibaki watu kunyanyuka.

Lakini mimi lilinichoma. Majina yetu ni bure! Mtu anakaa juu yetu, anatukusanyia kodi, na hajui hata tunavyoitwa. Miaka mitatu ya chuo ilinipanda kichwani kwa mara moja. Nikasimama nyuma ya meza yangu.

“Bwana, majina yetu si bure. Na si kila nyumba ina Thembo. Yana mpango kuliko majina yenu.” Nikainua mkono, nikahesabu kwa vidole, kwa Kiswahili safi cha shule. Wa kwanza Mumbere. Wa pili Bwambale. Wa tatu Masereka. Wa nne Kule. Wa tano Thembo. “Ukimwona Thembo, ujue wametangulia wanne.”

Uwanja ulinyamaza. Nilidhani wamenyamaza kwa sifa.

Bwana Usingizi hakunitazama. Alitazama mlima. Ni karani aliyeondoka mahali pake, akatembea polepole mpaka kwa Mwalimu. Akawauliza wale wana majina yao, mmoja mmoja, nao hawakuweza kudanganya, kwa kuwa yalikuwa kitabuni. Akahesabu kwa vidole vyake kama nilivyomfundisha. Akabaki na kidole kimoja hewani.

“Na wa ine? Wa ine iko wapi?”

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta mtoto wa kumwua, mtoto ambaye hakuzaliwa, aseme kwamba alikufa mchanga. Ulimi wake, uliozoea kweli kwa miaka arobaini, ulikataa. Thembo ndiye aliyesogea mbele, akamwekea mzee mkono begani.

“Muache muzee,” alimwambia karani. “Wa ine haiko. Mimi njo ule munatafuta.”

Walimfunga mikono kwa kamba ya katani. Mama Mbambu alitoka jikoni mbio na bonge la obundu, ugali wetu wa muhogo, limefungwa kwenye jani la mgomba, akamtilia kifuani ndani ya shati kwa kuwa hakuwa na mikono ya kupokelea. Alipokuwa anarudi alisimama mbele ya meza yangu.

“Kumbe chuo kinafundisha kuhesabu mpaka tano,” akasema. “Sisi tulidhani mnajifunza makubwa.”

Nilimkimbilia afisa nikimwambia nimekosea, labda kuna Kule aliyekufa, nimesahau. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba sasa amesikia, na mwenzake amesikia pia. Akaingia garini.

Thembo alivushwa Mpondwe kabla ya jua kuzama. Hatukumsikia tena. Mama yake alikuwa akija siku za soko, kwa kuwa njia ilibaki wazi kama nilivyotaka, akanunua chumvi kwa mama yangu na kusimama kidogo akitazama juu kuelekea kanisani. Alikuwa hajaambiwa ni nani aliyehesabu. Nami sikumwambia. Alikuja miezi kadhaa, kisha akaacha.

Mwalimu hakunikemea. Nilikwenda kupiga magoti uani kwake, akaniinua, akanipa kiti, akaendelea kugeuza muhogo. Katika kile kitabu hakulifuta jina. Alipokufa, wanawe waliandika msalabani kwake kwamba ameacha wana wanne.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona kwa mwenye kujikwaa, ulimi unamwumiza aliye pembeni. Sikuambii useme uongo. Nakuambia kweli nayo ina majira yake na ina wasikilizaji wake, na kabla hujaitamka mezani, tazama ni nani ameshika kamba. Hoji kila kitu kama nilivyohoji, lakini anza na ile hamu yako ya kuonekana unajua. Utaambiwa kwamba nchi zina mapatano, na kwamba mmoja si kitu mbele ya wengi. Huenda ikawa hivyo. Mambo ya daraja na soko si mchezo, na sitajifanya nayajua leo. Ila mtu akikuletea karatasi yenye jina, uliza jina hilo linamaanisha nini kwa mama aliyelitoa, kisha ndipo utie sahihi au ukatae. Na watu wako wakinyamaza wote kwa pamoja, usidhani hawajui.

Mungu akulinde, akupe moyo mpana kuliko mpaka unaoulinda, na kila utakapokuta mlango ulioachwa wazi kidogo, mkono wako usiwe wa kuufunga.

Nikumalizie na hili. Miaka zaidi ya thelathini baada ya siku ile nilikutana Kasese na Afande Ramadhani, mzee sasa, ana malori mawili na duka la vipuri karibu na msikiti. Alinikaribisha chai. Alinitazama muda mrefu, akasema, “Mama, mimi ilichukia wewe miaka mingi. Sasa tumezeeka, imeisha.” Ndipo akaniambia kwamba asubuhi ya baraza lile, njiani kuja Bwera, walipofika Kisinga, Bwana Usingizi alisimamisha gari, akaandika barua kwenye goti lake, akaitia sahihi na muhuri, akampa aiweke mfukoni mpaka baraza liishe, amkabidhi karani wa ng'ambo. Bwana mwenyewe alimsomea Afande ilivyosema. Ilisema kwamba mtu huyo ametafutwa Bwera nyumba kwa nyumba, na hakuonekana.