Mafuvu Kwenye Harusi Yetu

Mke wangu hutengeneza majeraha. Ndiyo kazi yake. Filamu zinapopigwa hapa Johannesburg, na mtu akatakiwa aonekane amekatwa panga au ameoza, yeye ndiye anayempaka. Siku za uchumba wetu alikuwa akirudi kutoka kazini na damu ya bandia imeganda kwenye kucha, anamega ugali kwa mkono huo huo, na mimi najitahidi kutazama mboga. Kwa hiyo aliponiambia anataka harusi yetu iwe ya Halowini, sikupaswa kushangaa. Nilishangaa.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba yao, mtaa wa Troyeville. Yeye amezaliwa hapa hapa. Wazazi wake ndio waliotoka Pemba. Kiswahili anakisikia chote, ila akianza kujibu hugeukia Kiingereza njiani, na akikasirika humalizia kwa Kizulu. Mimi nilikuja mtu mzima kutoka Tanga, na ninatengeneza majokofu mtaa wa Rosettenville.

"Halowini ile ya watoto?" nilimuuliza. Nilikuwa naijua kwa mbali tu: mwisho wa Oktoba, kwenye mitaa ya wenye nazo, watoto huvaa kama mizimu na majini, wakapita wakigonga milango na kuomba pipi.

"Eish, si ya watoto tu," alisema. Kisha akaanza kunieleza.

Mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba moja upande wa kaskazini wa jiji. Mwaka mmoja, siku ya Halowini, alimchukua binti yake kazini. Watoto wa nyumba ile walikuwa na mavazi ya dukani. Yeye hakuwa na kitu, basi mama yake akachukua shuka kuukuu, akalitoboa matundu mawili ya macho, akamfunika.

"Shuleni na mtaani kila siku waliniuliza, wewe ni wa wapi hasa," alisema. "Nilipokuwa ndani ya lile shuka hakuna aliyeuliza. Walifungua mlango, wakanipa pipi, wakasema huyu mzimu mzuri. Nyumba zote. Hakuna hata mmoja."

Mtu anayeishi katika jiji hili na lafudhi kama yangu hahitaji kuelezwa zaidi. Nikakubali. Tukapatana kwamba ndoa ifungwe asubuhi kwa taratibu zetu, nyumbani kwao, kanzu na kila kitu, na mafuvu yaingie jioni ukumbini.

Nilikwenda kwanza kwa ustadhi anayesomesha watoto mtaani kwetu. Sikutaka ayasikie kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ndoa nitaifungisha," alisema. "Hiyo ya jioni, mwanangu, msinialike."

"Sawa, ustadhi."

"Lakini pilau la mchana nitakula."

Baada ya hapo sebule ya wakwe zangu ikawa karakana. Meza yote ilifunikwa na michoro, karatasi nyeusi, gundi, na nyuzi za utando wa buibui. Baba mkwe ni mzee mkimya aliyeuza viatu mjini kwa miaka mingi. Jioni moja alisimama mezani na kuanza kukagua kitu kimoja kimoja. Mafuvu, akatikisa kichwa kukubali. Mishumaa myeusi, akakubali. Kiunzi cha mifupa ya mtu mzima cha plastiki, alikishika mkono kama anayekisalimia. Kisha akainua uzi uliotungwa popo wa karatasi.

"Popo hapana," alisema.

"Lakini Baba, mafuvu umekubali!"

"Mafuvu ni mifupa. Kila mtu anayo. Popo hapana."

Akaenda zake kulala. Mchumba wangu akanigeukia, midomo wazi, na mimi nikawa najikaza nisicheke. Nilimwambia kwamba Pemba kuliwahi kuzuka zimwi la popo, likaitwa Popobawa, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wakilala nje uani wote pamoja kwa kuliogopa.

"Lilikuwa linawafanya nini?"

"Ni mambo ya aibu. Kamuulize mama yako."

Akaenda jikoni. Nilisikia mama mkwe akiongea kwa sauti ya chini kwa muda. Mchumba wangu aliporudi aliuchukua ule uzi wa popo, akaukunja vizuri, akautia kwenye pipa la taka. Hakunitazama usoni mpaka nilipoaga.

Mimi nami nikaja kuwa na langu. Wenzake wa kazini walitaka kumpa zawadi, wakaona wamwazime jeneza moja la filamu, la mbao nyepesi, liwekwe mlangoni mwa ukumbi, lijazwe barafu na soda. Alinionyesha picha kwenye simu huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Nipo kwenye kamati ya misiba ya Watanzania. Watu wetu wanafia huku, kwa maradhi, kwa magari, na kwa yale tusiyopenda kuyataja, na sisi ndio tunaochanga, tunaotafuta jeneza, tunaosindikiza. Mmoja nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka Tanga. Ndiye aliyenipokea nilipofika Johannesburg, tukaishi chumba kimoja. Tulipolishusha jeneza kwao, mama yake alikuja polepole, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akasema, "Umerudi, baba?" kwa sauti ile ambayo mama humwambia mtoto aliyetoka shule.

Nilimsimulia mchumba wangu hayo. Nilikuwa sijapata kumsimulia mtu. Aliilaza simu kifudifudi juu ya paja.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Sikupata mahali pa kulianzia."

Nje kuna mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari, likikohoa na kuzimika. Halafu mchumba wangu akasema, "Soda tutaziweka kwenye beseni." Na baadaye kidogo, "Mifupa je? Nayo inakuumiza?"

"Mifupa hapana."

"Kweli?"

"Kweli. Sharp," nilimjibu, kama wanavyosema huku kwa maana ya sawa.

Mama yangu alifika kutoka Tanga wiki ya harusi. Kwenye simu nilikuwa nimemtayarisha kwa kumwambia mapambo yatakuwa ya kutisha kidogo. "Ya kutisha vipi, bei?" aliuliza, na mimi nikaliacha hivyo hivyo. Kwa hiyo alipoingia uani kwa wakwe zangu alitukuta wawili tumekaa chini na msumeno wangu wa kazini, tunatoboa maboga. Maboga ya rangi ya chungwa ya kwenye picha za Halowini hatukuyapata. Tuliyopata ni haya ya huku, ya rangi ya majivu, yenye ganda gumu kama gogo.

Mchumba wangu aliruka, akafuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnayatoboa macho ili iweje?"

"Tunaweka mshumaa ndani, yanakuwa na sura."

Mama aliinama, akatazama sura ya lile la karibu. Haikumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua kilikuwa kwenye ndoo. "Na nyama yake hii?"

"Tunatupa."

"Mnatupa boga?"

Hakuvua hata kiatu cha safari. Aliuliza jiko liko wapi, na nazi, na iliki. Yeye na mama mkwe hawakuwa wamewahi kuonana ila kwenye simu. Walifahamiana juu ya sufuria ya maboga ya nazi, mmoja akidai sukari, mwingine chumvi. Wakapika aina zote mbili.

Siku yenyewe asubuhi ilikuwa ya jua. Ndoa ilifungwa, ustadhi akaomba dua ndefu, akala pilau lake, akatuombea tena akiwa mlangoni, akaondoka. Alasiri mawingu yakajikusanya kama yanavyofanya hapa majira haya. Tulipokuwa tunamalizia kupamba ukumbi, ikashuka mvua ya mawe. Ililia juu ya mabati hata tukawa tunaonyeshana kwa vidole tu. Ilipokatika tukatoka nje. Maua ya zambarau ya mijakaranda yalikuwa yamelala juu ya barafu barabara nzima. Utando tuliokuwa tumeutandaza mlangoni ulikuwa umechanika wote, na kile kiunzi kilikuwa kimevunjika mkono mmoja. Mke wangu, ambaye sasa alikuwa mke wangu, aliuokota ule mkono, akajaribu kuubandika, ukaanguka. Akaufungia kwenye bega kwa utepe, akasema potelea mbali.

Wageni waliingia wamelowa. Vibwengo, wachawi, mhasibu mmoja aliyejifanya maiti, ndugu zetu waliovaa suti zao za kawaida. Mama yangu alikaa meza ya mbele ndani ya buibui lake jeusi, mkoba magotini. Mmoja wa wapakaji wenzake wa mke wangu, msichana mchangamfu, akaja mpaka pale, akamsifu kwa Kiingereza: vazi lake ndilo bora kuliko yote, amelipata wapi?

"Anasemaje?" Mama aliniuliza.

Nilibabaika. "Anasema umependeza."

"Mwambie hili ni buibui."

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Alionyesha kwa kidole darini, kwenye buibui wa plastiki waliokuwa wananing'inia, akamwambia Mama kwamba na wale pia ni buibui. Mama akainua uso, akawatazama mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka, cheko lake la zamani la kushika ubavu, ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba afariki. Yule msichana naye alicheka bila kujua kwa nini.

Mke wangu alikuwa amevaa gauni jeusi la lesi, michoro ya piko mikononi mpaka kwenye viwiko. Nusu ya uso wake ilikuwa bibi harusi, nusu fuvu. Wenzake walikuwa wamefanya kazi kubwa baada ya mvua kukatika: shimo la jicho, taya, meno yote yamechorwa jino kwa jino mpaka shavuni. Alipopiga magoti kumbusu Mama mkono, Mama alimshika kidevu, akamtazama vizuri kwenye mwanga wa mshumaa.

"Umechafuka hapa," alisema.

Akalowesha ncha ya leso kwa ulimi, akaanza kumfuta shavu, taratibu, kama anavyofutwa mtoto anayekwenda mahali. Wale wapakaji waliruka. Mmoja alikuja mbio na brashi yake. Mke wangu aliinua mkono kumzuia, akafumba macho, akakaa vile vile, amepiga magoti kwenye lesi yake nyeusi, mpaka Mama aliporidhika.

"Sasa nenda kacheze," Mama alimwambia.

Alicheza jioni nzima hivyo hivyo, na katika kila picha tuliyopiga, fuvu lake lina pengo la meno mawili upande wa kushoto.