Nyumba na Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kengele, na hakuna aliyeniambia niifanyie nini. Nikasimama nayo mlangoni mwa ofisi ya dalali mmoja pale Nakuru, vumbi jeupe la magadi likipeperuka kutoka ziwani na kufanya mji mzima uonekane kama kitu unachokikumbuka tu. Karani mkuu, Mgoa mwenye sauti ya chini, akatoka akaniuliza kama nangojea misa ianze. Kengele ile, akasema, ni ya mnada. Asubuhi ya siku ya kuuza unatembea nayo barabarani, watu wajue. Basi nikatembea.

Wajukuu wangu wakisikia nilikuwa karani wa dalali miaka ya hamsini wanadhani niliuza ng'ombe. Ng'ombe tuliuza pia, siwezi kukana. Lakini kazi yangu hasa ilikuwa nyumba. Nilisoma mpaka darasa la nne, baba yangu akiwa mtu wa reli, kwa hiyo mambo mengine huenda niliyaelewa nusu. Nitaandika hiyo nusu.

Kutoka kwenye kengele nilipandishwa kwenye funguo. Zilining'inia kwenye misumari ukutani, kila moja na kibao chake. Karani mkuu alinipa wa kwanza, lakini yeye mwenyewe hakuuachia mara moja.

"Eliya, huu unafungua mlango," alisema. "Haukupi ruhusa ya kuingia."

Maana yake ni kwamba nyumba inayouzwa bado ni ya mwenyewe mpaka siku ya kukabidhi, yaani siku anapoutoa ufunguo kwa mkono wake. Kabla ya hapo, hata kama ufunguo uko mfukoni mwako, unapiga hodi. Akisema rudi kesho, unarudi kesho, wewe na mteja wako, hata kama mteja ni mzungu aliyekuja na motokaa.

Nilipelekwa Molo, chini ya msimamizi wa tawi, askari wa zamani aliyekuwa akichechemea. Kule asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata nyumba tuliyokwenda kuionyesha ilikuja kidogo kidogo: kwanza dohani, halafu dirisha, halafu mbwa. Nilipiga hodi kwa ukungu, na ukungu ukanijibu kwa Kiingereza. Siku nyingine nafikiri nilimwota mbwa yule tu. Lakini msimamizi alimwogopa pia, kwa hiyo lazima alikuwepo.

Niliporudishwa Nakuru, mwishoni mwa miaka ya hamsini, bei za nyumba zilikuwa zimeanguka. Wazungu walikuwa wameanza kuulizana nani anaondoka. Hapo ndipo nilipojifunza lile jambo ambalo ofisini tuliliita kuuza kwa ruhusa. Mtu amekopa benki na kuweka nyumba yake rehani, yaani nyumba ndiyo inayolishikilia deni. Bei ikianguka, nyumba haiwezi tena kulipa deni lote. Benki inaweza kuipeleka mnadani, na mimi natoka na kengele yangu. Au mwenye nyumba anaiuza mwenyewe, benki ikikubali kupokea hicho kidogo. Akiuza hivyo, haki zake hazipotei. Kila bei inayotajwa lazima aletewe, hata ya kuchekesha, naye anaweza kuikataa. Ujira wetu ulitoka kwenye bei ya nyumba, si kwenye mkoba wake.

Mama Surjit, mjane wa Kihindi, alikuwa mmoja wao. Marehemu mumewe alibeba viazi vya Molo kwa lori, na nyumba waliiweka rehani kununua lori lile. Lori likafa, mwaka uliofuata akafa mwenyewe. Mama alibaki na cherehani barazani, na kijana wake Surjit, aliyekuwa ameandikwa gereji Kisumu. Mimi kila nikifika alianza na viatu vyangu.

"Karani, leo umeleta mteja ama umeleta matope?"

Siku moja nilileta mteja kweli, mwenye duka la viatu. Akataja bei iliyo chini ya deni, mama akaikubali na benki ikaikubali. Tukakutana barazani kwake: Bwana Dalali, ndiye bosi wetu; msaidizi wa meneja wa benki, kijana mzungu aliyekuwa akitoka jasho; na mimi mkalimani. Msaidizi alisema maneno marefu. Nami nikayafupisha.

"Mama, benki imekubali. Inaiachilia nyumba."

Mguu wake ukatoka kwenye cherehani.

"Inaachilia nyumba. Na mimi je?"

Nikasema nitauliza.

"Uliza mzuri. Nyumba hapana na mtoto Kisumu. Mimi iko na mtoto Kisumu."

Nikauliza. Yule msaidizi angeweza kudanganya, na lazima niandike kwamba hakudanganya. Alisema karatasi inahusu nyumba peke yake. Sehemu ya deni itakayobaki itabaki juu ya mama, na benki inaweza kuidai au kuisahau. Bwana Dalali angepata ujira wake siku ile ile kama mama angetia sahihi. Alikohoa, akasema kwa Kiswahili chake kwamba mama ana haki kuuliza, na ana haki kukataa. Sijui mpaka leo kama ulikuwa wema au aliogopa kesi. Yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja.

"Basi bado nyumba yangu," mama akasema. "Kunywa chai."

Tukanywa. Msaidizi akarudi kuwauliza wakubwa wake, na siku zikapita. Mwenye duka la viatu akaanza kutazama nyumba nyingine. Karani mkuu akaniuliza, bila kuniangalia, kama kengele bado iko chini ya meza yangu. Ilikuwepo. Nikaenda kwa mama, nikamwambia mteja anaweza kuponyoka, na akiponyoka utafuata mnada.

"Wacha yeye ende," alisema, akikata uzi kwa meno. "Hii deni ikipanda treni pamoja na mimi, nitashukia wapi?"

Jibu lilikuja na yule msaidizi, juma lililofuata. Alisimama chini ya ngazi akapiga hodi, akangoja akaribishwe. Alikuwa amejifunza sentensi moja, pengine kwa mpishi wake.

"Benki inaachilia nyumba na mama."

Mama akamwomba arudie. Akarudia, masikio yamekuwa mekundu. Bwana Dalali akahakikisha ndivyo ilivyoandikwa, na mama akatia sahihi, mwenye duka la viatu akiwa hajaponyoka bado.

Nilistaafu zamani, na sasa nalima kule Kabazi. Sijui kama nilikuwa karani mzuri. Kengele niliipiga pia, na kwenye milango ya watu ambao hawakuuliza alichouliza mama yule. Kijana, ukiuza nyumba ambayo deni limeizidi, uliza: na mimi je? Zaidi ya hapo sina la kufundisha. Mke wangu ananicheka kwa kuipigia hodi nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya kukabidhi, cherehani ilikuwa imekwisha kwenda stesheni kwa mkokoteni. Mama Surjit akaniwekea ufunguo kiganjani, akashuka mpaka getini. Kule mbali ziwa lilikuwa rangi ya waridi kwa wale ndege heroe, na vumbi lilitulia. Halafu akarudi. Alikuwa amesahau mkasi kwenye dirisha la jikoni. Mlango ulikuwa wazi, mwenye duka la viatu hajafika bado, ndani hamna hata kiti. Mama akasimama barazani, pale pale alipotupokea sote, wala hakuvuka.

"Hodi," alisema.

Nikasema karibu. Sijui kama nilikuwa na haki ya kusema.