Santuri Moja, Tarehe Tatu

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji changu. Nimefundisha Machakos miaka mingi, na hapa siwezi kununua hata sukari bila kuuziwa na mwanafunzi wangu wa zamani.

Nina miaka sabini na mitatu. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, na naishi peke yangu upande wa Mwala. Nalima kidogo, natembea vizuri, gazeti nasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Naandika kwa sababu naogopa, na kwa umri huu nilidhani nimeshamaliza mambo ya kuogopa.

Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana watu wanne katika kibanda cha fundi wa redio mjini. Fundi mwenyewe nitamwita Kioko. Yuko Hajji, mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali aliyezaliwa hapa hapa mjini, na mama mmoja aliyekuwa karani kabla ya kustaafu. Kinachotukutanisha ni santuri. Vijana wengine hamzijui: ni zile sahani nyeusi za muziki zinazochezwa kwa sindano, na mashine yake sisi wazee huiita kinanda. Kila mmoja huleta santuri moja anayoipenda, anaeleza aliipata wapi na akiwa na nani, ndipo sindano inashushwa. Sheria ni moja, na ni mimi niliyeitunga: santuri iliyokwisha kusikika hairudi mpaka mwaka upite. Kioko aliwahi kurudia moja, nikamwambia, "Kijana, hata Hajji hauzi mbuzi mmoja mara mbili." Walicheka sana, naye akairudisha kwenye mfuko.

Santuri ninayoipenda kuliko zote ni ya muziki wa Kikamba, niliyoinunua nikiwa mwalimu mpya. Mke wangu aliikwaruza wiki ya kwanza akiifuta vumbi kwa kanga yenye pini. Tangu siku hiyo, sindano ikifika pale inaruka na kumeza neno moja, "nakwa," maana yake "na mimi pia." Mke wangu alikuwa akilijaza mwenyewe. Hata akiwa jikoni anamenya ndizi, wimbo ukifika pale ungemsikia, "Nakwa." Maisha yetu yote.

Jumamosi iliyopita niliwaeleza wenzangu hadithi hiyo, kisha Kioko akashusha sindano. Ilipofika pale na kuruka, kabla sijafungua mdomo, wote watatu wakasema pamoja, "Nakwa," kama darasa linavyojibu mwalimu.

Neno lenyewe nilikuwa nimewaambia dakika chache kabla. Lakini mahali sindano inaporukia hapajulikani mpaka uwe umeisikia. Nikamuuliza Hajji, ambaye Kikamba chake ni cha salamu na bei ya mbuzi, "Hapo umepajulia wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Si wewe umetufundisha, Mwalimu."

Nina mazoea ya darasani. Kila nikiwachezea watu santuri, naandika tarehe kwa penseli kwenye karatasi yake ya ndani. Nilipofika nyumbani niliitoa ile karatasi. Kulikuwa na tarehe tatu, Jumamosi tatu zilizofuatana, zote kwa mwandiko wangu. Mimi naikumbuka moja.

Niwaeleze kitu. Kusahau kwa kawaida, mtu akikukumbusha, unasema, "Ah, kweli." Nilikaa na karatasi ile mkononi nikiingoja hiyo "ah." Haijaja mpaka leo.

Jumatatu nilimwendea Kioko. Alikuwa ameinama juu ya redio ya mtu.

"Kioko, ile santuri yangu nimeileta mara ngapi?"

"Hiyo ni tamu, Mwalimu. Hata ukiileta kila wiki."

"Sijakuuliza utamu."

Akaweka bisibisi chini. "Nne."

"Karatasi inasema tatu."

"Kuna siku ulisahau penseli. Ulisema utaandika ukifika nyumbani."

"Na mkanyamaza?"

"Sasa tungekuambiaje? Unaieleza vizuri sana. Hajji alisema tukuulize maswali yale yale ya kwanza, ndio usione haya."

Nilishika ukingo wa meza yake. Watu wazima watatu wamekaa wiki tatu wakinichezea mchezo kwa heshima, na sikuona.

Naijua njia hii. Mwaitu, yaani mama yangu, alipofika umri huu alikuwa akikaa kwenye kiti chake, mlangoni pa nyumba yake, akiomba wapita njia wampeleke nyumbani. Majirani walisema amerogwa. Mimi nilikuwa nikimjibu, "Mama, si uko nyumbani?" Naye alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

Binti yangu anaishi Mlolongo, kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne. Siku tuliyomzika mama yake aliniambia, "Baba, ukianza kusahau tu, nakuja kukuchukua. Sitauliza mara mbili." Ananipenda, na atafanya hivyo. Lakini kule hakuna nafasi ya kinanda, wala Jumamosi, wala mtu anayejua neno linaloruka. Tena nikinyamaza nisimwambie, najiuliza: na neno lile nalo nikilisahau?

Leo ni Ijumaa. Mkoba wangu wa kesho uko mezani, umefungwa zipu, na nikiupapasa nasikia kuna santuri ndani. Sikumbuki kuiweka. Tangu asubuhi nauzunguka na sijathubutu kuufungua nione ni ipi.

Ninyi wenye wazazi wa rika langu, na ninyi mliopita njia hii, nisaidieni mawazo nikiwa bado naweza kuyashika. Nimpigie binti yangu leo, au niende kwanza nikawasikilize wenzangu kesho?