Mapaa Mawili, Ukuta Mmoja

Mama yangu alikataa katakata kulala nyumbani kwangu, na sababu ilikuwa mume wangu. Si kwamba waligombana. Walipendana sana, ila kwa mbali. Kwetu, upande wa Busia ya Kenya, mama hawezi kulala nyumba moja na mume wa binti yake. Mume wangu ni Muganda, na kwao ni yale yale, tena husemwa kuwa anayevunja mwiko huo huanza kutetemeka mikono. Bwana huyu amesoma, anauza vipuri vya magari, na mambo hayo huyacheka mbele za watu. Lakini mama akifika tu getini, yeye huyo, amejificha nyuma ya pazia la jikoni.

Tungeendelea kucheka kama mama asingevunjika nyonga. Alianguka akiwa peke yake, akalala chini mpaka jirani alipopita. Baada ya hapo alikuja Kampala mara kwa mara kuonana na daktari kule Nsambya, na kila akija alilala gesti, mzee mzima na fimbo yake, wakati mimi binti yake nina nyumba Nateete, mji huohuo. Niliona aibu, niliona uchungu, na zaidi ya yote niliogopa. Nilitaka aishi kwangu kabla hajaanguka tena mahali ambapo hakuna wa kumwinua.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na nafasi nilipopanda sukumawiki. Nikasema hapo ndipo atakapojengewa nyumba yake, na mlango wake, na jiko lake. Mume wangu akafurahi kuliko mimi. Akamleta fundi Mkongomani aliyemjengea duka, mtu wa kazi safi na mwenye maneno mengi. Nilipouliza habari za kibali, wote wawili walinitazama kama mtoto. Hapa mjini watu wengi huzungusha mabati marefu kwanza, wakajenga wikendi ofisi zikiwa zimefungwa, na Jumatatu mkaguzi akija anakuta ukuta umeshasimama.

"Mama, bale ba biro habatumikake siku ya Mungu," fundi akaniambia. "Tuanze tu."

Wakaanza. Ofisini hawakufanya kazi Jumapili, ni kweli, ila Jumatatu walifanya kazi mapema mno. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta mabati yangu yameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za tangazo la mkutano wa injili: simamisha, leta ramani. Jirani zangu walikuwa wameshaanza kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Nilimfokea mume wangu, nikamfokea fundi, nikayafokea na mabati. Kisha nikavaa viatu vya kwendea kanisani, nikaenda ofisi ya tarafa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa gambuti, kofia ngumu ameiweka mezani kando ya kikombe cha chai. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia nahitaji ramani iliyochorwa na mchoraji anayetambulika, na mhandisi mwenye leseni atakayekagua kazi ya fundi wangu, kwa sababu fundi hana leseni yoyote. Nikakubali. Akaniambia niweke kibao mbele ya kiwanja kinachoonyesha majina ya wote hao. Nikakubali, ingawa kibao hicho baadaye kilikuwa kikubwa hata wapita njia wakauliza hoteli itafunguliwa lini. Halafu akaangalia vipimo vya kiwanja chetu, akatikisa kichwa.

"Nnyabo, kiwanja ni dogo. Shelia nasema lazima kuacha nafasi mpaka kwa jilani. Nyumba mbili hapana. Ongeza chumba kwa hii nyumba yako, shika ukuta yake. Hiyo naweza kupitisha."

Chumba kilichoshikamana na nyumba yangu! Yaani mama alale nyumba moja na mkwewe, tena kwa muhuri wa serikali. Nilihisi machozi, na mimi nikitaka kulia huwa nakuwa mkali, kwa hiyo nikaanza kupaza sauti. Nikamwambia sheria yake itamrudisha mama yangu gesti. Nikamwambia mkwe ni nani na mama mkwe ni nani. Nikiwa katikati ya hotuba nikaona amefunika mdomo kwa mkono. Nilidhani ananicheka.

"Na mimi niko na mkwe," akasema. "Akikuja, mimi napita mlango ya nyuma."

Tukatazamana. Hasira zangu zote zikakosa pa kwenda. Akagonga meza kwa kalamu, kisha akasema kwao ofisini kuta zikishikana ni nyumba moja, hilo halibadiliki. Lakini je, akaniuliza, kwa mama yangu nyumba huhesabiwa kwa kitu gani? Miaka yote nimeutii mwiko huu na sijawahi kuuliza unaanzia wapi. Nikampigia mama simu palepale, nikaweka sauti ya juu.

"Mama, nyumba ni nini?"

"Unaumwa?"

"Mama, tafadhali. Nyumba na nyumba zinatenganishwa na nini? Ukuta?"

"Ukuta hata ng'ombe anao," akasema mama. "Nyumba ni paa. Wakilala chini ya paa moja, ni nyumba moja. Kila mtu anajua hilo. Nani amekutuma uniulize?"

Ofisi nzima iliangua kicheko, hata karani aliyekuwa amesinzia dirishani. Mkaguzi alikuwa ameshachukua karatasi, anachora. Ukuta mmoja katikati, unaopanda mpaka juu kupita mabati yote. Huku paa langu, huko paa la mama, kila moja na mteremko wake, hayagusani popote. Kwa jiji, nyumba moja. Kwa mama, mbili. Mchoraji niliyempata akalichora wazo hilo vizuri, ramani ikapitishwa, na fundi wetu akajenga mchana kweupe bila kujificha, mhandisi akija kumkagua kila hatua. Fundi alilalamika wiki ya kwanza. Baadaye nilimwona akipiga picha mbele ya kile kibao.

Mkaguzi alipokwisha kutoa kibali cha kuhamia, tukamleta mama. Nilidhani ukaguzi umekwisha. Wapi! Alizunguka nje kwa fimbo yake, shingo juu, akitazama mabati. Mume wangu alikuwa amejifungia chumbani kwetu kwa heshima.

"Mvua ya huyu inamwagikia wapi?" mama akauliza.

"Upande wake, mama."

"Na yangu?"

"Upande wako."

Akaingia, akafunga mlango. Nilibaki uani nikijiuliza kama anafungua mkoba au anatafuta nauli ya kurudi Busia. Nilipochoka kusubiri nikachemsha chai, nikaibeba, nikasukuma mlango kwa kiwiko kama nilivyozoea kuingia kila chumba cha nyumba yangu.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mkoba mtupu miguuni, nguo zake zimetundikwa ukutani. Alinikazia macho.

"Wewe! Unaingiaje kwa watu namna hiyo?"

Nikarudi nyuma haraka, chai ikanimwagikia vidole. Nikavuta mlango, nikasimama nje. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mume wangu akicheka peke yake.

"Hodi," nikasema.

Alinisubirisha. Nikapiga tena.

"Karibu, mwanangu," akasema mama. "Karibu kwangu."