Karai la Shangazi na Kutu Yake

Juzi, dukani Kariakoo, nilimsikia mama mmoja akimwambia muuzaji, "Nataka karai linalong'aa, lisilo na hata doa." Nikamkumbuka marehemu shangazi.

Nilipoacha shule, mimi naye tulikuwa tukitia rangi vitambaa uani kwetu, mtaa wa Gerezani. Maji ya kusuuzia, yenye rangi na ndimu, tuliyamwaga mtaroni, hadi balozi wetu wa nyumba kumi akaja.

"Ndugu, mtaro umekuwa mwekundu. Mkimwaga tena, kazi hii basi."

Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Nikakumbuka maneno ya mwalimu wangu wa sayansi, kwamba kutu ikipigwa jua huweza kuila rangi iliyo majini. Nikayaanika maji katika karai kuukuu la chuma, limejaa kutu, nikawa nayakoroga. Siku ya pili yakapauka.

"Kumbe shule haikukutoka yote!" shangazi alicheka, akamwalika balozi aje Jumamosi ajionee.

Alhamisi nikamkuta shangazi amechutama, anasugua karai kwa mchanga na kumbi la nazi.

"Mgeni haonyeshwi uchafu, mwanangu."

Jumamosi, balozi alipofika, maji mapya tuliyoyaanika humo yalikuwa mekundu vilevile.

"Shikamoo, ndugu balozi," nilisema. "Kilichokuwa kikifanya kazi ni ile kutu. Tumeisugua."

Shangazi akainamisha uso. Balozi akacheka. "Basi liacheni lishike kutu. Nitarudi."

Alirudi, akaona, na kazi yetu ikabaki. Lakini kila asubuhi shangazi alisimama mbele ya karai lile, mikono nyuma, akijizuia. Sijapata kuona mtu akijitahidi hivyo kuvumilia uchafu.