Kifuniko cha Birika

Mama mkwe wangu ana ulimi, na mimi ninao, kwa hiyo nyumba yetu haijawahi kukosa mazungumzo. Mwezi wa kwanza tu wa ndoa yangu aliliosha birika la kauri nililoachiwa na marehemu mama yangu, lile la maua ya buluu, kifuniko kikamponyoka na kuvunjika. Nililia siku hiyo kama niliyefiwa mara ya pili. Yeye hata pole hakusema. Alifagia vipande, akasema, "Nitakipata kingine," na tangu hapo kila Jumamosi ananikokota kwenda naye soko la mitumba.

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki," nilimwambia Jumamosi iliyopita. "Mimi nimeshazoea kufunika kwa kisahani."

"Kifuniko si maji," akajibu. "Vaa viatu twende."

Alikuwa amevaa koti la baba mkwe, kama kawaida. Baba mkwe alikuwa seremala, mtu wa mabega, na koti lake la kahawia linamfika mama karibu na magoti. Tangu tumzike mzee, mama halivui ila akienda kuoga au kulala. Mume wangu alimnunulia jipya, zuri kabisa, sasa analilalia paka. Tulishanyoosha mikono.

Soko lenyewe ni bohari la zamani lenye paa la bati. Mbele kuna marundo ya nguo, katikati makoti yametundikwa kwenye kamba, na vyombo viko nyuma kabisa. Kumfuata mama humo ni kazi. Nguo huigeuza ndani nje akaukagua mshono, huuliza bei ya kitu asichokitaka ili muuzaji achoke mapema, na akitajiwa hucheka kidogo, kwa huruma, mpaka mwenye mali anaona aibu mwenyewe. Mimi ni wa kubeba mifuko.

Kwenye vyombo kulikuwa na kreti refu lililojaa. Mikono ya koti ikawa inamsumbua kila akiinama, basi akalivua, akaona mikono yangu imejaa, akalitundika kwenye kamba iliyokuwa nyuma yetu. Nilimwona. Wala halikunijia wazo lolote.

Akazama kwenye kreti, na alipoinuka alikuwa ameshika birika. Maua yaleyale ya buluu, mstari uleule mwembamba ukingoni. Lilikuwa na ufa tumboni, chai isingekaa humo, lakini kifuniko kilikuwa kizima. Mkono mwingine ukajitokeza kulishika, wa mwanamke mmoja wa makamo mwenye miwani.

"Mama, nilikuwa nimeshaliona," akasema yule mwanamke. "Ninalo kabati la vitu vya zamani. Nalitaka hivyo hivyo, na ufa wake."

"Macho hayanunui, mwanangu," mama akamwambia. "Hapa mkono wa kwanza ndio mwenye mali. Waulize wote."

Muuza vyombo akaitikia kwa kichwa. Mwenye miwani akaondoka zake kuelekea kwenye makoti, na mama akalipa huku akitembea kifua mbele.

Alipogeuka kuchukua koti, kamba ilikuwa na nafasi tupu.

"Hapa kinachoning'inia kinauzwa, mama," akasema muuza makoti, na masikini alikuwa ameshaanza kutokwa jasho. "Mimi nitajuaje? Nimemuuzia yule dada wa miwani sasa hivi."

Tulimkuta mlangoni akijitazama kwenye kioo. Mama akamweleza, mara hii kwa sauti ya chini ambayo mimi sijawahi kuisikia. Koti ni la mume wake. Atamrudishia hela yake, na nyingine juu.

Yule mwanamke hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. "Pole, mama," akasema. "Lakini mkono wa kwanza ndio mwenye mali, umesema mwenyewe. Hela siitaki. Nipe birika, nikupe koti, tuachane salama."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilitoa birika kwenye mfuko haraka, kwa sababu nilijua mama angechukua koti na sikutaka aone aibu kuniomba. "Mpe, Mama," nikamwambia. "Kisahani kinatosha. Kweli kabisa."

Mama akanitazama. Kisha akamsogelea yule mwanamke, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo wa nyumba, leso, na kipande cha penseli ya seremala. Akavishika mkononi. Nikadhani sasa atalivuta lile koti.

"Kifungo cha pili ni kigumu," akamwambia. "Kisukume kutoka chini. Ukikilazimisha utakikata."

Akakifunga mwenyewe, akalinyoosha koti mabegani, akatoka nje. Nilimfuata na mifuko yangu, birika mkononi. Njiani nilimvika sweta langu. Alisema linanuka vitunguu, lakini hakulivua.

Nyumbani nilikijaribu kile kifuniko. Kumbe ni kikubwa kidogo. Kinakaa, ila ukiinamisha birika kinateleza. Mama alikuwa amesimama ananitazama usoni, na mimi uso wangu haujui kuficha.

"Hakienei," akasema.

"Kinaenea."

"Mimina tuone."

Nikamimina. Kifuniko kikaanza kuteleza, naye akanyoosha mkono upesi akakibana kwa kidole kimoja mpaka vikombe vikajaa. Mume wangu amejitolea kukitafutia gundi, au kingine, au birika jipya. Nimemwambia asithubutu. Chai ya kwetu sasa inamiminwa na watu wawili.